Kuotesha fritilaria adimu hadi zichanue: mwongozo kwa anayeanza

Kila ifikapo Oktoba maswali kuhusu fritilaria, yale maua ya matunguu yenye umbo la kengele inayoinama, ni yale yale. "Nilinunua matunguu ya fritilaria, mwaka wa kwanza yakachanua, wa pili yakatoa jani moja moja, wa tatu sikuona kitu." "Mbegu nilizopanda Mei mbona hazioti hadi leo?" "Kiangazi nimwagilie mara ngapi?" Nimeona heri niyajibu yote hapa, ili mtu akiuliza tena nimwelekeze.

Mwongozo huu umekusudiwa wewe unayeishi Uingereza, Ulaya ya kaskazini, Kanada au sehemu ya Marekani yenye baridi ya kweli, una ua mdogo au hata kibaraza, na umeshachoka na tulipu za dukani. Miezi yote niliyoitaja ni ya huko. Mlioko Limuru, Lushoto au Njombe, nimewawekea maneno yenu mwishoni.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Sisi tuliokulia kwenye masika tumezoea mvua na joto vije pamoja, na mmea unyanyuke hapo hapo. Fritilaria nyingi adimu zimetoka milima ya Uturuki, Iran, Ugiriki, Asia ya Kati na California, na huko mvua huja na baridi, joto huja na ukame. Mizizi inaamka Oktoba, jani linatokeza Februari au Machi, ua linakuja Aprili, na Juni ikiisha mmea wote umerudi chini ya ardhi kulala. Ukimwonea huruma Julai ukammwagia maji, unamwozesha usingizini. Karibu kila kosa nitakalolitaja linazaliwa hapo.

Chagua aina kabla hujatoa pesa

Ziko spishi zaidi ya 100 na tabia zao hazifanani. Usianze na ile iliyokuvutia kwenye picha. Anza na zinazosamehe.

*Fritillaria acmopetala*, ya Uturuki, Kupro na Syria, ina kengele ya kijani yenye mabaka ya kahawia na huzaa vijitunguu bila kuombwa. *F. uva-vulpis* na *F. pyrenaica* nazo hazina makuu. *F. pallidiflora* ya Asia ya Kati, yenye maua makubwa ya manjano hafifu, ndiyo ningempa mtu anayetaka kujifunza kwa mbegu: ni imara na jani lake ni pana, huwezi kulidhania magugu.

*F. michailovskyi* ina kisa chake. Ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1904 upande wa Kars, kaskazini mashariki mwa Uturuki, kisha ikapotea machoni mwa wataalamu hadi ilipoonekana tena 1965. Leo Waholanzi wanaizalisha kwa wingi na utaikuta dukani kwa bei ya chai na andazi. Zambarau iliyoiva yenye ukingo wa manjano. Nunua.

Ngumu ni za Marekani ya magharibi: *F. recurva* nyekundu, ambayo ndege wavumaji huifuata kwa mbochi wake, na *F. pluriflora* ya waridi inayoota kwenye udongo mzito wa mfinyanzi huko California. Hizi ziache hadi umeshachanulisha nyingine mbili tatu.

Halafu kuna zinazovunja kanuni ya kiangazi kikavu. *F. meleagris*, ile yenye miraba ya zambarau, ni ua la malisho yanayofurika maji. Ukitaka kuamini nenda North Meadow pale Cricklade, Wiltshire, mwezi Aprili. *F. camschatcensis*, inayotoka Japani hadi Alaska na British Columbia, nayo hupenda ubaridi na unyevu mwaka mzima. Hizi mbili usizikaushe kabisa hata Julai.

Onyo kuhusu matunguu ya porini. Kama muuzaji hawezi kukuambia kwamba tunguu lilizalishwa kitaluni, achana naye. Nyingine, kama *F. gentneri* ya Oregon, zinalindwa na sheria. Kule milima ya Hengduan nchini China, *F. delavayi* imechimbwa sana kwa ajili ya dawa hata watafiti mwaka 2020 wakaeleza kwamba mahali inapochimbwa zaidi mimea yake ina rangi ya kijivu au kahawia inayofanana na mawe, na mahali isipofikiwa imebaki kijani. Mmea umelazimika kujificha.

Uwe na nini

- Vyungu vya plastiki vya sm 9 kwa mbegu, na vyungu vya udongo vya sm 13 hadi 15, virefu kidogo, kwa matunguu yaliyokomaa.
- Changarawe ya mm 3 hadi 5, isiyo na chokaa. Kanada na Marekani iulizie duka la chakula cha mifugo: ile ya itale wanayolishwa kuku inafaa kabisa. Ya makombe ya chaza usiichukue.
- Udongo tifutifu wa vyungu (Uingereza omba John Innes namba 2) na mboji ya majani iliyochekechwa.
- Mbolea ya maji ya nyanya, yenye potashi nyingi.
- Kioo, plastiki ngumu au fremu ya kukinga mvua bila kuziba hewa.
- Sanduku au beseni pana la mchanga la kuzika vyungu hadi shingoni. Ukiwa na vyungu vitatu unaweza kuishi bila hili, lakini vikifika kumi utalihitaji.
- Vibao na penseli. Wino wa kalamu unafutwa na jua, na fritilaria isiyo na jina ni hasara tupu maana changa zote zinafanana.

Weka pia akilini kwamba matunguu haya yana sumu. Mbali na watoto, na kamwe usiyahifadhi jikoni karibu na vitunguu vya mboga.

Hatua

Uliyenunua matunguu badala ya mbegu, ruka hadi hatua ya 6.

1. Pata mbegu. Adimu nyingi hazipatikani madukani hata kidogo. Zinapita mkono kwa mkono kupitia vyama vya wapanda maua: Alpine Garden Society na Scottish Rock Garden Club kwa Uingereza, North American Rock Garden Society kwa Marekani na Kanada. Ukilipa ada ya uanachama unaingia kwenye mgawo wao wa mbegu wa kila mwaka. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya hii, na wazee wa vyama hivyo wanapenda mtu anayeuliza. Ukiagiza kutoka nchi nyingine, hakikisha karatasi za afya ya mimea zipo, la sivyo mzigo utaishia forodhani. Mbegu zikifika, shika moja kwenye mwanga: iliyo hai ina kiini kinachoonekana katikati kama kijistari. Iliyo tupu ni karatasi tu.

2. Panda Septemba hadi Novemba. Zikifika Januari, panda siku hiyo hiyo. Changanya udongo sehemu 2, mboji ya majani 1, changarawe 2. Jaza chungu cha sm 9, sambaza mbegu juu zisilaliane (ishirini au thelathini zinatosha), funika kwa udongo kiasi cha kuzificha, kisha weka changarawe ya sm 1 juu yake. Changarawe huzuia kuvu na matone ya mvua yasizihamishe mbegu. Andika kibao: jina, zilikotoka, tarehe.

3. Weka nje. Nje kabisa, kwenye baridi, mvua na jalidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaingiza chungu sebuleni karibu na kipasha joto, eti mbegu zipate joto ziote. Hazitaota. Zinadai wiki nyingi za baridi yenye unyevu ndipo ziamke. Kinga chungu dhidi ya panya kwa wavu mdogo, basi.

4. Usizisumbue. Kati ya Februari na Aprili utaona majani membamba, moja kwa kila mbegu. Usiyang'oe ukidhani ni nyasi! Jani hilo moja ndilo kazi yote ya mwaka wa kwanza; linalisha kijitunguu kidogo kama punje ya mchele. Sasa mwagilia, udongo usikauke hata siku moja, na kila wiki mbili tia mbolea ya nyanya iliyopunguzwa nguvu nusu. Kadiri jani linavyokaa kijani ndivyo tunguu linavyonenepa, kwa hiyo weka chungu kwenye mwanga mwingi lakini jua kali la Mei lisilichome. Chungu ambacho hakikuota kabisa usikitupe. Zilizopandwa kwa kuchelewa mara nyingi hungoja baridi ya mwaka unaofuata.

5. Kiangazi cha kwanza na cha pili. Majani yakigeuka manjano, punguza maji. Yakikauka, sogeza chungu kivulini. Punje hizi ni ndogo mno, ukizikausha kama unavyokausha matunguu makubwa zitakufa. Nyunyiza kidogo kila wiki mbili hivi, udongo uwe baridi na karibu ukavu. Ziache kwenye chungu hicho hicho hadi mwisho wa kiangazi cha pili. Najua mkono unawasha kutaka kuzichimbua uone. Usichimbue.

6. Hamisha Agosti. Mimina chungu kizima kwenye sinia, pekua udongo kwa vidole. Matunguu mengi ya fritilaria hayana ganda la nje, ni magamba mawili matatu manene yaliyo uchi, kwa hiyo yanakauka upesi na kuchubuka upesi. Yasilale nje usiku. Panda kwenye chungu kirefu chenye mchanganyiko ule ule wa hatua ya 2, kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu, juu ya tabaka jembamba la mchanga mtupu. Uliyenunua matunguu, fanya hivyo hivyo siku yanapofika, na chagua yaliyo magumu yasiyo na ukungu. Yaliyonywea dukani tangu Agosti hadi Novemba hata kwa nusu bei ni ghali. Tunguu kubwa la *F. imperialis* ni jambo jingine: lenyewe ni la ardhini, sm 20 chini au zaidi, mahali maji yasipotuama. Harufu ya mbweha utakayoisikia ni yake, halijaoza.

7. Maji ya kwanza mwisho wa Septemba. Mwagilia sana mara moja, chungu chote kilowe. Hii ndiyo ishara ya mizizi kuamka. Kisha hadi Januari udongo uwe na unyevu tu. Vyungu viwe chini ya kioo chenye hewa pande zote, si kwa kuogopa baridi, ila mvua ya mfululizo isivijaze maji. Jalidi haziogopi, lakini chungu kidogo kilichosimama peke yake kikiganda hadi katikati kwa wiki nzima, mizizi inaumia. Ndiyo kazi ya lile sanduku la mchanga.

8. Februari hadi Mei, maji na chakula. Chipukizi likitokeza ongeza maji. Watu wanaogopa maji kwa sababu wamesikia fritilaria inaoza, wanainyima hasa wakati inapokula. Tia mbolea ya nyanya kila wiki mbili tangu jani litoke hadi lianze kugeuka rangi, hata kama ua limeshanyauka. Baada ya ua ndipo tunguu la mwakani linatengenezwa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi acha; inaleta majani laini na kuvu.

9. Ua likifunguka, lichavushe. Chukua brashi ndogo ya rangi, gusa chavua ya ua moja upeleke kwenye stigma (ncha ya katikati inayopokea chavua) ya ua la mmea mwingine wa spishi ile ile. Mimea miwili iliyotokana na tunguu moja mara nyingi haizalishani, ndiyo maana kuotesha mbegu kadhaa ni bora kuliko kununua matunguu matatu ya dukani. Ua lililoshika mimba huacha kuinama: bua linajinyoosha na tumba la mbegu linatazama juu. Likianza kupasuka Juni au Julai, kusanya. Sehemu rudisha kwenye mgawo wa chama.

10. Lala. Majani yakikauka Juni, acha maji kwa spishi za nchi kavu. Chungu kivulini, chini ya kioo, hadi Septemba. Kila mwaka au kila baada ya miaka miwili badilisha udongo Agosti.

Ni miaka mingapi hadi ua? Kutoka kwenye mbegu, mitatu hadi mitano kwa nyingi, na za California zinaweza kufika saba. Ukipanda chungu kimoja cha mbegu kila mwaka, ukishafika wa tano kila mwaka una kinachochanua, na kungoja hakukusumbui tena.

Njia ya mkato ipo kwa spishi chache. *F. acmopetala*, *F. affinis* na *F. camschatcensis* zina punje ndogo zilizoshikamana na tunguu mama. Zibandue Agosti uzipande kama mbegu. Tunguu lenye magamba mawili yaliyonenepa laweza pia kutenganishwa kwa mkono, kila gamba libaki na kipande cha kitako cha chini. Liache lifunge kidonda siku mbili kabla ya kulizika.

Inapokwenda vibaya

*Jani moja pana, hakuna ua.* Hili ndilo lalamiko kuu. Mmea utakaochanua hutoa bua lenye majani kadhaa. Jani moja pekee maana yake tunguu halijatosha. Ama ni changa, ama limejigawa vipande vidogo, ama halikulishwa mwaka jana. Dawa ni hatua ya 8 kwa miaka miwili. Hakuna dawa ya mwaka huu huu.

*Ua linafunguka chini kabisa, bua halikurefuka.* Baridi haikutosha, au maji yalipungua Februari. Kama unakaa mjini kwenye kibaraza kilichokingwa, peleka vyungu upande wa kaskazini wa nyumba kipindi cha baridi.

*Chipukizi limekatwa usiku.* Konokono, wale wa nyumba na wasio na nyumba. Toka na tochi.

*Majani yametobolewa, na chini yake kuna uchafu mweusi unaoteleza.* Ni mbawakawa mwekundu wa mayungiyungi, aliyeweka makazi Uingereza tangu 1939 kule Surrey. Mabuu yake hujipaka kinyesi chake yenyewe ndiyo maana hata ndege hawayataki. Kagua tangu mwisho wa Machi. Mkubwa akishtuka hujiangusha chali, tumbo jeusi juu, humwoni tena kwenye udongo. Kwa hiyo tanguliza kiganja au kitambaa cheupe chini ya jani kabla hujamgusa. Mayai ya rangi ya machungwa yaliyo chini ya jani yaponde kwa kidole.

*Mabaka ya kijivu yenye manyoya kwenye jani au bua.* Kuvu ya hewa iliyotuama. Kata sehemu hiyo, fungua fremu, na mwagilia udongo bila kulowesha majani.

*Michirizi ya manjano kwenye majani, ua limepinda au rangi imevunjika.* Yaelekea ni virusi, na vidukari ndio wabebaji. Hapa sina huruma: tunguu liende kwenye taka, lisiende kwenye mboji. Kama ni spishi ambayo huwezi kuipata tena, chavusha kwanza ukiwa umeutenga mmea, otesha mbegu, kisha utupe. Virusi vya mimea ya jamii hii mara nyingi havipiti kwenye mbegu.

*Chungu kitupu Machi.* Mimina uone. Tunguu laini lenye harufu limeoza kwa maji ya kiangazi. Tunguu lililonywea kama ngozi lilikaushwa mno. Pasipokuwa na kitu kabisa, tafuta shimo la panya. Na kama lipo, gumu, lina mizizi lakini halina chipukizi, lirudishe taratibu: fritilaria huweza kupumzika mwaka mzima kisha ikarudi.

Mlioko nyanda za juu za Afrika Mashariki

Baridi ya Limuru, Lushoto au Njombe ni baridi ya usiku, na mchana unapanda. Haifikii zile wiki kumi na mbili mfululizo za nyuzi 2 hadi 7 ambazo tunguu linadai. Unaweza kulidanganya *F. meleagris* kwenye friji, ndani ya mfuko wenye mboji yenye unyevu kidogo, mbali na matunda (gesi ya ndizi na tufaha inaharibu ua la ndani). Lipande mwanzo wa miezi ya baridi, Juni, mahali penye kivuli. Litachanua mara moja likibahatika, kisha litapungua mwaka hadi mwaka. Za Uturuki na California msijisumbue nazo.

Atakayeagiza matunguu au mbegu, kibali cha mamlaka ya afya ya mimea kitangulie: kwa Kenya ni KEPHIS, kwa Tanzania ni TPHPA. Usiyafiche kwenye sanduku la nguo. Virusi na wadudu wa mayungiyungi hatuhitaji kuwaongeza kwenye mashamba ya maua.

Ushauri wangu ni kutumia subira hiyo hiyo kwa *Scadoxus multiflorus*, lile tufe jekundu linalochomoza mvua zinapoanza, au *Gloriosa superba* ya kupanda. Zote ni za kwenu na mbegu zake zinaota. Tofauti yake na yote niliyoyaeleza hapo juu ni kwamba hizi zinakula wakati wa mvua na joto na kulala wakati wa ukame, kwa hiyo kalenda mnayoijua ndiyo sahihi. Kiazi cha *Gloriosa* kina sumu kali na mtu asiyejua anaweza kukidhania kiazi kikuu, hivyo kipandeni mbali na shamba la chakula.